Hondohondo Aliyezidisha Tope

— Jamani, hadithi inabisha hodi!

— Iingie, tumeshakaa!

— Imetoka mbali, miguu imejaa vumbi!

— Tutaiosha, iketi hapa katikati!

Hapo sawa. Mara ya kwanza mlikuwa mnaitikia kama watu waliokunywa uji uliopoa. Mikono iendelee kumenya karanga, masikio yaje kwangu. Na wewe Kashindye, nimekuona, zile unazomenya zinaingia mdomoni badala ya kwenye ungo.

Hapo kale, kale sana, wakati ndege na wanyama walipokuwa wakiamkiana asubuhi na kuulizana habari za nyumbani, alikuwepo Hondohondo. Mnamjua. Yule ndege mwenye mdomo mkubwa uliopinda, akiruka unaona kama mdomo ndio unaomvuta yeye. Alikuwa na mke, jina lake Sikudhani. Walipendana. Nasema walipendana, wala msicheke.

Sasa, hondohondo wana desturi yao. Mke akikaribia kutaga, huingia ndani ya tundu la mti. Akishaingia, yeye na mumewe huukandika mlango kwa tope, mke kwa ndani, mume kwa nje, mpaka unabaki upenyo mdogo wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo ndani mke hunyonyoka manyoya, akawa hawezi kuruka. Anataga, anaatamia, anaangua. Na siku zote hizo chakula chake na cha watoto hutoka kwa mume, kupitia upenyo ule. Mume asipokuja, humo ndani ni njaa.

Eti nini, Kashindye? Ndiyo, mume ndiye anayelisha nyumba nzima. Na wewe jifunze.

Basi Sikudhani aliingia kwenye tundu la mninga mkubwa. Wakakandika, wakaagana kwa utani, akabaki ndani. Siku zikapita. Makinda watatu wakaanguliwa, uchi kabisa, midomo wazi kutwa nzima.

Hondohondo huyu hakuwa akitafuta chakula peke yake. Alikuwa na rafiki zake, nguchiro, ukoo mzima, waliokaa kwenye kichuguu karibu na mninga. Kila asubuhi alitua juu ya kichuguu akawangoja waamke. Nguchiro nao, mnajua tabia zao, hawana haraka. Wanatoka mmoja mmoja, wanapiga miayo, wanaota jua tumbo wazi. Wanachambuana manyoya. Watoto wanaangushana mieleka. Wakishachangamka ndipo wanakwenda machungani pamoja. Nguchiro wanapita chini kwenye majani, panzi wanaruka, Hondohondo anadaka. Yeye akimwona mwewe angani, anapiga kelele, nguchiro wanaingia mashimoni. Jua likiwa kali, wote wanalala kivulini. Jioni kila mtu kwake, na Hondohondo hukaa tawini karibu na upenyo akamsimulia mkewe mambo ya siku nzima, nani kaanguka, nani kagombana na nani. Sikudhani alicheka mpaka makinda wakaamka.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na chakula kilitosha.

Siku moja Hondohondo akaliona gamba la nyoka chini ya mninga. Gamba tu, kavu, nyoka mwenyewe alishaondoka zamani. Lakini moyo wake ulishtuka pa! Akawaza, je, nyoka akirudi? Akipita kwenye upenyo? Watoto wangu watatu, mke wangu hana hata unyoya.

Hakumwambia mtu. Akashuka mtoni, akachukua donge la tope, akaja akalibandika kwenye upenyo. Upenyo ukapungua kidogo. Akaona afadhali.

Na tangu siku hiyo akaacha kuota jua na nguchiro. Alisema hana muda wa kuwangoja watu wanaopiga miayo. Akaanza kwenda machungani peke yake, alfajiri na mapema. Kwa kuwa hapakuwa na wa kuwashtua panzi, alihangaika asubuhi nzima akapata wawili.

Sikudhani akaona mumewe anakuja anahema. Akamwimbia kutoka ndani:

*Baba watoto, sogea karibu,*
*nisikie mbawa zako.*
*Panzi nimemwona, panzi nimemla,*
*wewe mwenyewe uko wapi?*

Hondohondo akasema, "Nina haraka, mama watoto." Akaruka.

Siku ya pili yake, au ya tatu, Tumbili alipita akiwa na maneno yake. Tumbili hakosi maneno. Akasimulia kwamba ng'ambo ya mto upepo umeung'oa mninga mzima, na waliokuwemo hawakutoka. Alivyokwisha kusimulia akaenda zake kula matunda. Yeye alishasahau. Hondohondo ndiye aliyebaki na ule mti umemwangukia kichwani.

Akawaza, je, na mninga wetu? Je, upepo ukivuma hapa? Hakumwambia mtu. Akashuka mtoni, akachukua donge la tope, akalibandika kwenye upenyo. Sasa niambieni, tope litazuia upepo usiangushe mti? Halizuii. Na yeye alijua halizuii. Lakini mwenye wasiwasi lazima mikono yake ifanye kitu, hata kama kitu chenyewe hakisaidii.

Na tangu siku hiyo akaacha kulala mchana. Jua linawaka, ndege wote wametulia, yeye yuko angani anazunguka. Usingizi wa usiku nao ukawa wa kushtukashtuka. Akaja kwenye upenyo na mende mmoja, mdogo. Sikudhani akamwimbia tena:

*Baba watoto, sogea karibu,*
*nisikie mbawa zako.*
*Mende nimemwona, mende nimemla,*
*wewe mwenyewe uko wapi?*

Hondohondo akasema, "Niache kwanza, mama watoto, nina mambo mengi." Akaruka.

Siku hiyohiyo mwewe alishuka kwenye uwanja wa nguchiro. Hapakuwa na wa kupiga kelele. Alimkwaruza mtoto mmoja mgongoni, na kama mama yake asingemvuta shimoni kwa mkia, leo tungekuwa tunasema mengine. Bibi Nguchiro, yule mkubwa wao, akatoka akaenda kumtafuta Hondohondo. Hakwenda kugomba. Alimkuta amesimama chini, manyoya yamevurugika, anageuza mawe hovyo hovyo. Akamwamkia, akamwuliza kama nyumbani wazima, akamwambia wamemkosa.

Hondohondo akafoka. Akasema wao kazi yao ni kuota jua, yeye ana familia. Akasema asifuatwefuatwe.

Bibi Nguchiro alimtazama tu. Aliona mdomo ule mkubwa unatetemeka. Akasema, "Haya mwanangu. Kichuguu unakijua kilipo." Akarudi zake.

Mara ya tatu, sikilizeni hapa, mara ya tatu hapakuwa na kitu. Nyoka hakuna, upepo hakuna, Tumbili hakupita. Hondohondo aliamka tu na moyo unamdunda. Alitafuta sababu, hakuiona. Pumzi zilikuwa fupi, shingo imekaza, chakula akikitazama hakitaki. Hata hivyo akashuka mtoni, akachukua donge la tope, tena kubwa kuliko yote, akalibandika kwenye upenyo. Na tangu siku hiyo akaacha kukaa tawini jioni. Alileta kidogo alichopata, akakisukuma ndani, akaondoka bila neno. Sikudhani aliimba. Wimbo ulifika nje kidogo sana, na Hondohondo alikuwa ameshageuza mgongo.

Jua likawaka siku mbili mfululizo. Tope likakauka, likawa gumu kama chungu kilichotoka motoni.

Sasa asubuhi moja alibahatika. Alimpata panzi mkubwa, mnene, wa kushibisha makinda wote watatu. Akaruka naye mpaka kwenye mninga. Akamsukuma kwenye upenyo. Panzi hakuingia. Akamgeuza upande mwingine, hakuingia. Akasukuma kwa nguvu zote, panzi akapasuka, akaanguka chini, sisimizi wakamchukua.

Hondohondo akautazama upenyo. Ulikuwa umebaki mwembamba kama ukucha. Akaita, "Mama watoto." Kimya. Akaweka sikio. Akasikia kitu kwa mbali sana, kama kinda analia, au labda ni upepo.

Hapo ndipo alipoelewa. Si nyoka aliyeuziba mlango ule. Si upepo. Ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe.

Akaanza kuugonga ukuta. Ko, ko, ko! Aligonga kama kichaa. Tope halikumeguka hata chembe. Ncha ya mdomo ikapasuka, damu ikatoka. Akagonga tena. Macho yakaingia giza, mbawa zikalegea, akaanguka chini ya mninga puu, akalala hapo anahema.

Nguchiro waliusikia mshindo ule, wakaja. Hondohondo alipowaona alifumba macho kwa aibu. Alijua watamwambia, ulisema tusikufuate. Hawakusema. Mmoja alisimama upande wa jua akamtilia kivuli. Mwingine alikuja na maji kwenye jani. Yule mtoto mwenye mkwaruzo mgongoni alikaa karibu na bawa lake akawa anamchambua manyoya, kama wanavyofanyiana wenyewe.

Hondohondo akasema, "Niacheni niende. Mke wangu yuko ndani. Nimewaziba, Bibi. Nimewaziba mimi mwenyewe."

Bibi Nguchiro akamwambia, "Utakwenda. Lakini si hivyo ulivyo. Mdomo huo ukivunjika, nani atawafungulia, na nani atawalisha?"

Akamwambia avute pumzi mpaka imfike tumboni, halafu aitoe polepole kuliko alivyoivuta. Hondohondo akavuta, ikakatikia kifuani. Bibi akasema tena. Akavuta, ikafika nusu. Bibi akasema tena, wala hakupandisha sauti. Mara ya tatu ikafika. Moyo ukapunguza mbio. Akapewa maji akanywa. Akapewa mchwa wachache. Akasema hawezi kula na watoto wake wana njaa. Bibi akamwambia kwamba hao watoto ndio wanaomtaka ale. Akala.

Kisha Bibi Nguchiro, ambaye maisha yake yote amekaa ndani ya kichuguu na anayajua matope, akamwelekeza. Akasema ukuta huo asiugonge. Achukue maji kidogo mdomoni, aumwagie pale kwenye upenyo, halafu angoje. Maji yakishaingia, akwangue kile kilicholegea tu, asizidishe. Halafu amwagie tena, angoje tena.

Hondohondo akauliza, "Na nikiwa nangoja, nifanye nini?"

"Zungumza na mkeo."

"Hanisikii."

"Hilo umelijuaje? Umejaribu?"

Safari hii nguchiro ndio waliomlinda yeye. Walijipanga juu ya kichuguu na juu ya mawe, wamesimama kwa miguu miwili, macho angani, wakiangalia mwewe. Hondohondo akaenda mtoni, akaja na maji, akamwagia. Akangoja.

Mwanzo kungoja kulimtesa. Alitaka kugonga. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akakaa. Kisha akasogeza mdomo karibu na ukuta akasema, kwa sauti ndogo, "Mama watoto, niliona gamba la nyoka." Akamweleza yote, jinsi alivyoshtuka, jinsi alivyokwenda kuchukua tope. Akakwangua. Ikamomonyoka chembe moja.

Akaleta maji mara ya pili. Akangoja. Akasema habari ya Tumbili na ule mti wa ng'ambo. Alipoisema kwa mdomo, akashangaa. Kichwani habari hiyo ilikuwa kubwa kama mlima, na sasa ilikwisha kwa maneno machache. Akakwangua. Likabanduka donge.

Akaleta maji mara ya tatu. Akangoja. Hili lilikuwa gumu kuliko mengine. Akasema, "Na lile la mwisho, mama watoto, sikuwa na sababu. Niliamka tu naogopa. Naogopa kwamba sitaweza. Nyinyi ni wanne mnanitegemea, na mimi ni ndege mmoja." Akalia. Alilia machozi yakalowesha tope, na yeye akakwangua palepale, na upenyo ukafunguka.

Ncha ya mdomo wa Sikudhani ikatokeza. Ilikuwa imekauka, ina vumbi.

Akasema, "Nimekusikia tangu la nyoka."

Sikudhani akasema tena, taratibu, maana hakuwa na nguvu. "Mimi nilikuwa nayaona tu matope yanaongezeka, na wewe husemi. Nilidhani umenichoka. Nilidhani hutaki tena kuniona."

Eh, jamani. Mwanamume wa watu anakesha kwa ajili ya mkewe, na mkewe yuko gizani anadhani ameachwa. Na kati yao ni unene wa tope tu.

Hondohondo akasema, "Nilikuwa nakuogopea." Sikudhani akasema anajua, sasa anajua.

Nguchiro walikuwa wameshaingia majanini, panzi wakaruka, Hondohondo akadaka. Akalisha kinda wa kwanza, akala. Akalisha wa pili, akala. Wa tatu, yule mdogo kuliko wote, alikuwa ameinamisha kichwa, mdomo umefungwa. Sikudhani akamfungua mdomo polepole, akamtia kipande kidogo, wakangoja wote, wazazi na nguchiro na hata Tumbili aliyekuwa amekuja kuchungulia. Kinda akameza. Akafungua jicho moja. Akapiga kelele ya kudai kingine.

Hondohondo akageuka mbio, akafungua mbawa aende kutafuta zaidi. Sikudhani akamwambia, "Usiende kwanza. Wamekula. Nami nimekula. Kaa."

"Jua bado liko juu, mama watoto. Nikikaa—"

"Kaa."

Akakaa. Akasogea kwenye tawi mpaka shingo yake ikafika kwenye upenyo. Sikudhani akatoa ncha ya mdomo akawa anamchambua manyoya ya shingoni, moja moja, yale yaliyovurugika siku zote zile. Hondohondo akasema kidogo nitaondoka. Akasema hivyo mara mbili. Mara ya tatu maneno yakakatika katikati, akawa amelala usingizi, mchana kweupe, mdomo umeegemea ukuta. Na Sikudhani hakumwamsha.

Tangu hapo mpaka leo, hondohondo hatoki peke yake alfajiri. Anatua kwenye kichuguu, anawangoja nguchiro waote jua, na yeye anaota nao. Na ukipita porini jioni ukamwona amekaa karibu na tundu la mti, anatoa sauti ya chini chini, usidhani anaimba. Anamweleza mkewe kilichomtisha siku hiyo.

Mafunzo yake nayasema wazi, msije mkasema bibi yetu alitufumbia. Wasiwasi ukikuingia, usiubebe kimya ukadhani ndio kuwapenda watu wako. Unawajengea ukuta. Vuta pumzi. Kula. Lala. Kazi ifanye kidogo kidogo, na unapongoja, ngoja kweli. Usiwakimbie rafiki zako kwa kuwa una shughuli, maana siku yenye shughuli ndiyo unayowahitaji. Na lile linalokutia hofu litamke mbele ya anayekupenda, hata kama halina sababu. Hilo lisilo na sababu ndilo la kwanza kulisema.

Hadithi nimeitoa kifuani mwangu, nimeiweka vifuani mwenu. Ikiwanenepesha, ni yenu. Ikiwakaba, nirudishieni niitafune mwenyewe.

Haya, inukeni, kunjeni mkeka. Wewe Nyamizi, baki. Tangu juzi unasema hujambo, na karanga zako hujazimenya hata moja. Njoo ukae hapa karibu yangu, mjukuu wangu. Sina haraka.